Selestina na Rimu za Kuazima

Wifi yangu Selestina hajui kupika. Nalisema mapema ili asije mtu akadai namsifu kwa kuwa ni dada wa mume wangu. Maharage yake huungua chini huku juu hayajaiva, na ugali wake, mimi hunyamaza tu. Lakini mpe gurudumu. Liwe la pikapu, liwe la semitrela, mpe halafu ukae pembeni uangalie, ndipo utajua Mungu hamnyimi mtu fungu lake.

Kibanda chake kiko Mugoma, kando ya barabara. Kompresa moja, rundo la matairi makuukuu, sanduku la spana, na juu yake picha ya Moyo Mtakatifu iliyokolea vumbi. Madereva wanaotoka Burundi na wanaokwenda huko wote wanamwita Mama Upepo. Mwenyewe halipendi jina hilo, anasema linamfanya aonekane mtu wa porojo. Ila ukifika Mugoma ukamuulizia Selestina, watakuuliza Selestina yupi.

Alivyoingia kwenye matairi ni kisa. Kwetu Ngara, kwa watu wa umri wetu, bibi harusi akishatoka kwao hageuki nyuma. Hata akisahau kiatu, kiatu kitafuatwa na mwingine. Sasa Selestina, siku anaolewa, gari la kukodi lilipasuka tairi njiani, spea hakuna, likavutwa mpaka nyumbani Mbuba. Akalala kwao, akapelekwa kesho yake. Basi! Ng'ombe akifa kule kwa wakwe, ni kwa sababu ya yule aliyerudi. Mvua ikichelewa, ni yule aliyerudi. Mtoto hakupatikana, na hapo ndipo walipommaliza kabisa. Alivumilia weee, mwisho akafunga vitenge vyake akaondoka.

Sisi tulimngoja Mbuba aje alie. Mimi nilishaandaa maneno ya kumfariji, na mazuri kweli. Hakuja. Alinyoosha moja kwa moja Mugoma kwa mzee mmoja aliyekuwa anaziba pancha.

"Shikamoo, mzee. Nataka kuona ndani ya tairi kuna nini."

"Marahaba, binti. Ndani ya tairi kuna upepo tu."

"Basi nionyeshe huo upepo."

Mzee yule alicheka, akamwonyesha, na Selestina hakuondoka tena. Mzee alipochoka mgongo akamwachia kibanda. Na miaka hii magari yalipoanza kuja na vidude ndani ya rimu, Selestina alikaa na madereva akiwauliza maswali mpaka wakamkimbia, kisha akavifungua mwenyewe, akaharibu kadhaa, akajua. Hodari haogopi kuharibu kwanza, hilo nimejifunza kwake.

Teddy ni binti yangu, wa pekee. Lakini niwe mkweli, alikuwa wa Selestina pia. Kila likizo ya shule alikuwa Mugoma, na alirudi nyumbani kucha nyeusi kwa grisi, mimi nikagomba weee, kazi bure. Alipoposwa na Kwizera wa Runazi, kule Biharamulo, Selestina alifurahi kuliko mimi. Kwizera ni wa familia iliyotoka Burundi zamani, wanalima mahindi na mihogo, watu wa kanisani, na desturi zao na zetu zinafanana. Shangazi wa upande wa baba, sisi twamwita masenge, ndiye anayemshika bibi harusi mkono, akamvusha mlango wa wakwe na kumkabidhi kwa mama mkwe. Mama hawezi, baba hawezi. Ni masenge.

Hapo maneno yakaanza. Kuna mwanamke mmoja wa ukoo wetu, simtaji, alinifuata shambani akasema haifai mtu aliyerudishwa njiani kumpeleka bibi harusi, atampeleka na mkosi wake. Nilimjibu maneno ambayo baadaye ilinibidi nikayatubu kwa padri. Lakini yalikuwa yamesambaa, na Selestina aliyasikia. Alikuja akaniambia taratibu, "Mama Teddy, tafuteni mwingine, mimi sitakasirika." Teddy alikuwa anachambua maharage pale pale. Hata hakuinua kichwa. Akasema, "Kama si shangazi, siendi." Tukayafunga hapo.

Sasa nije kwenye ujinga wa Frednand. Frednand ndiye dereva wa pikapu ya kikundi chetu cha wakulima, ile ya milango minne, na ndiyo iliyopangwa kumbeba bibi harusi. Kijana mwenye moyo mwema, ana mke na mtoto mchanga, sina ugomvi naye. Tatizo lake anapenda kung'aa. Akaangalia magurudumu ya pikapu, rimu nyeusi zimepigwa mawe na barabara za Mbuba, akaona aibu. Jamani, si tunaazima suti? Si tunaazima viti na masufuria? Naye akaenda kwa rafiki yake mwenye pikapu ya aina ile ile, ila ya miaka ya karibuni, wakabadilishana magurudumu kwa siku ya harusi. Rimu za fedha, zinameta mpaka kuku wanajiangalia.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Alipowasha gari tu, kwenye dashibodi ikaanza kupepesa taa ya rangi ya chungwa, ile yenye alama ya tairi. Akazima, akawasha, ikapepesa tena. Kwa kuwa nati zote zilikuwa zimekaa sawasawa, akaona taa ndiyo mwongo. Akatoa kwenye pochi kipicha cha Bikira Maria chenye gundi, akakibandika juu ya taa. Mimi nilikiona asubuhi ile nikasema moyoni, huyu kijana ana imani.

Usiku wote Selestina alikuwa chumbani na Teddy, wanafundana mambo yao. Alipotoka asubuhi, kitenge kipya cha zambarau, mkoba mkononi, macho yake hayakwenda kwa wageni. Yalikwenda kwenye rimu.

"Frednand, hizi za nani?"

"Za rafiki yangu, Shangazi. Zimeingia kama zimezaliwa hapa."

"Kuingia si shida. Sensa za ndani, vile vidude vya upepo, zinaelewana na gari hili?"

"Zinaelewana. Angalia mwenyewe, hakuna taa."

Selestina akachungulia. Kweli, taa hakuna, Mama Maria ndiye anayemwangalia. Akafanya ishara ya msalaba, akapanda. Nao vigelegele vilikuwa vimeshapamba moto, na basi dogo la ndugu zetu lilishatangulia, nani angeanza kukagua magari saa hiyo?

Yeye alikaa mbele na Frednand. Nyuma tulikuwa mimi katikati, Teddy kushoto na shela lake, na Baba Teddy, Pancras, amebanwa na koti la suti ya kuazima. Siku hizi hata mama mzazi huenda harusini. Zamani tulibaki nyumbani kulia. Huko nyuma ya pikapu makreti ya soda, madumu ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, na vikapu vya zawadi vilijaa mpaka ukingoni.

Tulipopita Benaco tukashika lami ya malori, jua likaanza kuwaka. Nikaona wifi yangu amenyamaza. Selestina akinyamaza, kuna jambo. Ameinamisha kichwa upande mmoja kama mama anayesikiliza kifua cha mtoto.

"Gari linavuta kushoto," akasema.

"Ni barabara, Shangazi."

"Barabara hii naijua hujazaliwa."

Tukaenda kidogo. Wingu likafunika jua, ndani ya gari kukawa na kivuli, ndipo sote tukaona. Pembezoni mwa kile kipicha cha Bikira Maria palikuwa panatoka mwanga, rangi ya chungwa, pande zote. Haki ya Mungu nilisisimka. Mume wangu akavua kofia, akasema kwa sauti ya chini, "Ni neema. Mama Maria anawabariki watoto."

Selestina akakibandua kwa ukucha. Taa ikatukodolea macho.

"Simamisha gari."

"Hapa, Shangazi? Mbele ni pori."

"Ndiyo maana. Simamisha!"

Alimwambia azime, awashe tena. Taa ikapepesa, ikapepesa, kisha ikatulia ikabaki inawaka. "Umeona?" akasema. "Ingewaka tu bila kupepesa, ingekuwa inasema upepo umepungua. Ikipepesa kwanza, inalalamika kwamba haisikii. Kila rimu ina kidude ndani, kimefungwa kwenye shina la vali, kinapima upepo na kutuma habari huku mbele kwa mawimbi, kama redio. Vidude vya rafiki yako viko stesheni nyingine. Gari hili limetoka Mbuba likiwa kiziwi, na wewe umelifunika mdomo."

Mimi nilielewa vizuri sana, maana redio yangu nikitaka habari za Dar es Salaam inakamata Burundi. Frednand akajitetea kwamba magari yote mawili ni ya aina moja. "Aina moja, miaka mbalimbali," akajibu wifi. "Ungeniambia jana, ningehamisha vidude vyenu vya zamani nikavitia kwenye hizi rimu zako za harusi, na taa ingenyamaza kwa haki. Sasa hatujui lolote." Akafungua mkoba wake wa harusi. Wanawake wengine hubeba poda; yeye akatoa geji ya upepo.

Magurudumu ya mbele mazima. La nyuma kulia zima. La nyuma kushoto, upande alioketi binti yangu, mshale wa geji uliinuka kidogo ukalala. Akaligusa tairi, akaondoa mkono haraka, lilikuwa la moto. Akatema mate kidoleni, akapaka kwenye shina la vali. Mate yakatoa mapovu.

"Spea iko wapi?"

Frednand akaangalia viatu vyake. "Mbuba."

"Inafanya nini Mbuba?"

"Soda hazikuenea, Shangazi."

Loo! Nilitaka kumrukia, Teddy akanishika. Pancras naye ndio anashuka, jasho linamtiririka, anaangalia saa. Padri wa Runazi alikuwa na misa nyingine kigangoni mchana, na alishatuonya kwamba hamngoji mtu. "Pampu ndogo si ipo?" akasema. "Tujaze upepo twende. Utatufikisha."

"Hautatufikisha. Hili tairi limekimbia njia nzima likiwa na njaa, tena na mzigo mgongoni. Ndani limeshajitafuna. Ukilijaza sasa, litakupasukia ukiwa mbio, na anayekaa juu yake ni Teddy."

"Basi unataka turudi?" Mume wangu akapandisha sauti, na hofu ikamtoa neno ambalo hakuna aliyekuwa amelitamka mbele ya Selestina miaka yote hiyo. "Tukirudi unajua watakachosema. Wewe hasa unajua!"

 Nilimwonea aibu mume wangu, nikamwonea huruma, nikatamani kumfinya, vyote kwa pamoja. Selestina alimtazama kaka yake. Hakukasirika.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana Teddy harudi. Na ndiyo maana hapandi tena gari hili."

Akatoka akasimama kwenye lami na kitenge chake cha zambarau, geji ameiinua juu kama trafiki. Lori lililokuwa linakuja likapiga honi, kisha breki. Dereva akatoa kichwa dirishani, Mrundi mmoja anaitwa Manirakiza, lori tupu, anakwenda Biharamulo kupakia mahindi.

"Mama Upepo! Leo wewe ndiye una pancha?"

"Nina harusi. Unabeba wangapi huko mbele?"

"Watatu, mkibanana."

Watatu. Sisi, ukimtoa Frednand, tulikuwa wanne. Nikaona Selestina anatuhesabu kwa macho, nikamuwahi. "Nenda wewe," nikamwambia. "Mimi zamani ningebaki nyumbani hata hivyo. Wewe ndiye wa kumkabidhi."

"Wewe ubaki ufanye nini? Utafungua nati kwa huo mdomo wako?" Akanivuta pembeni, sauti ikashuka. "Nikiondoka, huyu kijana atajaza upepo, aje mbio kutufuata ili afute makosa. Namjua. Ana mtoto mchanga, wifi. Nabaki."

Kumbe wakati sote tunamwona Frednand kama mkosaji, yeye alikuwa anamwona kama baba wa mtoto.

Teddy alikataa kupanda. Alisimama kwenye ngazi ya lori, shela limekusanywa mikononi, machozi yanaharibu ile poda tuliyohangaika nayo tangu alfajiri. "Shangazi, nani ataniingiza?"

"Mama yako ana mikono."

"Siyo desturi."

"Desturi ni wewe ufike. Panda, usimkalishe mtu na lori barabarani." Akamsukuma makalio kama anavyosukuma tairi, mlango ukafungwa. Nilimwangalia kwenye kioo cha pembeni mpaka tulipokata kona. Alikuwa ameshavua viatu, anachuchumaa kwenye gurudumu.

Lori liliingia Runazi na honi zake zote, watu wakatoka madukani. Wengi walidhani ni mbwembwe za Ngara, nami sikuwakosoa. Tulifika padri anavaa mavazi yake. Misa ikaenda vizuri, pete zikavikwa. Sikuwa pale kwa moyo. Moyo wangu ulikuwa barabarani, unashika spana.

Baada ya misa tukaenda nyumbani kwa kina Kwizera. Mkeka umetandikwa mlangoni, mama mkwe amesimama ndani ya kizingiti, wimbo umeanza. Wakaniambia nimshike binti yangu mkono tuingie. Nikanyoosha mkono. Teddy akarudisha wake nyuma.

"Namsubiri shangazi."

Wimbo ukafifia. Wazee wakatazamana. Mshenga akaja kusema kwa upole kwamba wageni wana njaa na chakula kinapoa. Teddy akasema wageni wale, yeye atasimama. Ndipo yule mwanamke wa ukoo wetu, aliyekuja na basi dogo, akasema kwa sauti ya kusikika, "Si mnaona? Aliyerudi siku yake, leo hata kufika hakufika." Nilishavua kiatu kimoja, na Mungu anisamehe, nilijua pa kukipeleka. Pancras akanishika mkono. Halafu Kwizera, ambaye desturi ilitaka awe ndani akingoja, akatoka, akaja kusimama juani karibu na mkewe.  Tangu siku hiyo mkwe wangu akija kwangu, anachinjiwa jogoo.

Tulisimama sana. Miguu ilikufa ganzi. Mwisho tukasikia pikapu.

Ilikuja taratibu, rimu tatu za fedha na moja nyeusi iliyopigwa mawe, kama mtu aliyevaa viatu vya jozi mbili. Alichofanya Selestina ni hiki: alimpandisha Frednand bodaboda kwenda Mbuba kuchukua spea, na ufunguo wa gari akaukalia mwenyewe. Alipolifungua lile tairi bovu, alimwita aje aone. Frednand alishuka ameshika kitambaa, akakifungua mbele ya Pancras. Kilikuwa kimejaa unga mweusi wa mpira, makonzi kwa makonzi, tairi lilivyojisaga ndani. "Ningelijaza upepo, Baba," akasema. Mume wangu aliutazama unga ule, kisha akamtazama binti yake, akaketi chini na suti ya watu. Kipicha cha Bikira Maria Selestina alikuwa amekihamishia juu ya kioo cha mbele, eti Mama aangalie barabara, asizibe taa. Taa yenyewe iliendelea kuwaka, lakini safari hii kila gurudumu alikuwa amelipima kwa mkono wake kabla ya kuondoka.

Akashuka. Kitenge cha zambarau kina vumbi mpaka kiunoni, grisi imepanda mpaka kwenye viwiko. Aliona watu wote wamesimama nje, akafikiri amekuja kwenye msiba. "Kuna nini? Mbona hamjaingia?" Kisha akaelewa. Akaanza kuzunguka akiomba maji, "Jamani maji, ninawe, nipeni maji," lakini Teddy hakungoja maji. Alikwenda akamshika mkono ule mweusi kwa mkono wake wenye glovu nyeupe, akaushika kwa nguvu, wakapanda kizingiti.

Mama mkwe akaipokea ile glovu. Akaigeuza. Vidole vyote vitano vya Selestina vilikuwa vimechapwa pale.

"Ni nani huyu aliyemchafua mwanangu siku ya leo?"

Teddy akanyanyua kichwa, akasema mbele ya Ngara yote na Biharamulo yote, "Ni shangazi yangu. Ndiye aliyenileta."

Mama mkwe alimtazama Selestina, miguu mitupu, kitenge, viwiko. Akaiachia glovu, akaichukua mikono yote miwili yenye grisi akaiweka kifuani pake, kwenye nguo yake mpya. "Karibu ndani," akamwambia, "wewe uliyemleta."

Wifi yangu hakulia ndoa yake ilipovunjika. Hakulia walipomwita majina asiyostahili. Siku hiyo alilia kwa sauti, mlangoni kwa watu, na alivyo hana akili ya mambo madogo, akajifuta machozi kwa mikono ile ile, uso ukawa mweusi wote. Tukamcheka, na mimi nikamcheka huku nalia, ndipo mtu akakumbuka kuleta maji.